Koti la Bwana Stesheni

Bajeti ya msimu ilikuja katika bahasha nyembamba.
Mkuu wa idara akaisoma mara mbili,
akaigeuza, labda kuna kitu kimebaki nyuma.
Tamthilia nne, akasema, na mavazi ya moja.
Akanitazama mimi, mwenye cherehani.

Koti lilikuwa limeletwa Februari na mjane wa Isevya,
Mama Kalunde, ndani ya mfuko wa sukari:
koti jeusi, vifungo vya shaba, kola iliyoliwa
na shingo ya mwenyewe miaka thelathini na moja
pale stesheni ya Tabora, reli inapogawanyika,
huku Mwanza, huku Kigoma.
"Lisiozee kwangu," alisema. Hakungoja hata chai.

Mwezi wa tatu likavaliwa na mtemi.
Nikalishonea kaniki mabegani na simbi za kuazima.
Mihambo, mwaka wa pili, mguu mmoja mfupi kidogo,
aliketi juu ya kreti la soda akahukumu wapagazi
mpaka umeme ukakatika katikati ya hukumu.
Ukumbi kimya. Kisha pikipiki tatu
zikasogezwa mlangoni, taa zikawashwa,
na mtemi akamalizia, kivuli chake kikubwa kuliko ukuta.

Mwezi wa tano, karani wa mizani ya tumbaku.
Nikabandua simbi, nikachomeka kalamu mbili mfukoni.
Karani anaiba kilo tatu kwa kila robota
kwa kidole gumba tu,
kidole alichokifundisha kutua kwenye mizani kama nzi.
Mkulima mmoja, wa kweli, wa Urambo,
akasimama safu ya nne:
"Mkono huo! Mkono huo!"
Hatukujua kama tucheke.
Mihambo akauondoa mkono.
Haikuwa kwenye mswada. Tukaiacha hivyo.

Ya tatu nisiseme sana.
Vichekesho vya harusi, ua la karatasi kifuani,
na bwana harusi akasahau maneno yake yote,
akaomba maji, akanywa, akaomba tena.
Mtahini wa nje akaandika kitu kirefu.
Usiku ule nililipiga koti pasi kwa hasira,
kola ikaungua pembeni, ukubwa wa ukucha.

Ya nne, Novemba, mvua ya kwanza juu ya mabati,
waigizaji wanapaza sauti kama wauza mitumba.
Safari hii koti halikuvaliwa na mtu.
Liliwekwa kwenye kiti, likawa baba,
marehemu, na watoto wanne wanagawana nyumba
huku wakilizunguka, wakilikwepa,
wakishusha sauti kila wakilipita.
Nyanzobe, aliyeongoza, alikuwa ameonya:
asiliguse yeyote.

Mama Kalunde alikuja na mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika.
Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.
Watu walipopiga makofi, yeye hakupiga.
Akapanda jukwaani, viatu mkononi kwa ajili ya tope,
akaingiza mkono mfuko wa ndani:
kalamu moja, simbi moja, ua la karatasi.
Akavipanga kiganjani.
Akavihesabu kama mtu ahesabuye nauli.

"Huyu mtu," akaniambia, "alizipungia treni bendera
miaka thelathini na moja. Kila mtu alikwenda.
Yeye hakuvuka hata Kaliua."

Nikangoja alie. Hakulia.
Akavirudisha mfukoni, ua la mwisho,
akafunga kifungo cha juu,
kile nilichokishona kwa uzi usiofanana,
akakitazama kile kifungo, akanitazama mimi.

"Mwakani mna ngapi?"

Bajeti bado haijaja, mama.

"Sikuuliza bajeti."